Benki iliyokuja kwa posta: kisa cha tofali za Vernal, Utah, 1916

Kisa chenyewe ukikisimulia haraka ni hiki. Mwaka 1916, kwenye kamji kanaitwa Vernal, mashariki ya jimbo la Utah huko Marekani, kulikuwa na mfanyabiashara anaitwa W. H. Coltharp ambaye alikuwa anasimamia ujenzi wa benki. Akataka tofali nzuri za kiwandani kutoka Salt Lake City, akauliza nauli ya kuzileta, akaona hapa naliwa, basi akageukia posta. Tofali zikafungwa vifurushi, zikabandikwa stempu kama barua ya shangazi, zikaanza kuja. Zilikuja mpaka zikafika tani 40. Benki ikasimama na jengo lipo mpaka leo, wenyeji wanaliita Parcel Post Bank.

Kila ninayemsikia akikisimulia anakisimulia kama kichekesho, na kweli kinachekesha, mimi mwenyewe nilicheka. Ila nilipokaa nikapiga hesabu zake taratibu nikaona kinachochekesha sio Coltharp. Yule bwana hakuvunja sheria hata moja, hakuhonga mtu, hakudanganya uzito. Alichofanya ni kusoma bei za posta vizuri kuliko waliozipanga. Na kosa alilolipata kwenye zile bei mpaka leo bado watu wanalifanya wanapopanga bei ya huduma yoyote inayotakiwa kufika vijijini.

Tuanze na mji wenyewe maana bila kuujua mji hutaelewa kitu.

Vernal iko kwenye bonde linaitwa Uinta. Kaskazini kuna milima ya Uinta, ambayo kwanza ni milima ya ajabu kidogo, imelala mashariki-magharibi wakati safu nyingi za upande ule zimelala kaskazini-kusini. Magharibi milima, kusini milima, katikati hapo ndio watu wamekaa na mashamba yao na kondoo wao. Reli kubwa zote zimepita mbali. Vernal haikuwahi kupata reli, sio kipindi kile tu, haikuwahi kabisa. Sasa hebu fikiria mji wa zama zile bila reli, kila kitu cha dukani kuanzia msumari mpaka kioo cha dirisha kimefika kwa gari la farasi, na mwenye gari la farasi anatoza kwa uzito, kwa hiyo kitu kikiwa kizito na cha bei ndogo, nauli inakimeza. Tofali ndio mfano wa kwanza wa kitu kizito cha bei ndogo. Inasimuliwa kwamba kuzileta kwa gari la mizigo kungegharimu kama mara nne ya bei ya tofali zenyewe. Yaani ununue tofali moja ulipie tano.

Sasa reli ya karibu ilikuwa ipi? Ilikuwepo moja, Uintah Railway, reli nyembamba iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1900 kwa ajili ya kutoa gilsonite, aina fulani ya lami nyeusi ngumu inayochimbwa kwenye bonde hilo. Hiyo reli haikujengwa kwa ajili ya watu wa Vernal, ilijengwa kwa ajili ya mgodi, watu walikuwa wanajipachika tu. Ilianzia kituo kinaitwa Mack upande wa Colorado, inapanda mlima mpaka kwenye pito la Baxter, zaidi ya futi 8,400 juu ya usawa wa bahari, na kuna sehemu mteremko wake ni asilimia 7.5, yaani kila ukienda futi 100 umepanda futi 7 na nusu. Kwa treni hiyo ni balaa, treni za kawaida asilimia mbili tu zinahema. Halafu ikishuka upande wa pili inaishia kituo kinaitwa Watson, ndani ya Utah, na hapo hujafika bado, hapo unapanda gari la farasi unavuka mto White na mto Green ndio uone Vernal.

Kwa hiyo mzigo ukitoka Salt Lake City kwenda Vernal ulikuwa unapita hivi: reli kubwa kwenda mashariki mpaka ndani ya Colorado, yaani unalipita bonde la Vernal unatokea jimbo jingine, unabadilisha treni pale Mack, unarudi kaskazini-magharibi juu ya mlima mpaka Watson, unabadilisha tena unapakia kwenye gari la farasi. Jumla karibu maili 400. Na ukichukua ramani ukaweka rula kati ya Salt Lake City na Vernal unapata kama maili 125 tu. Shika hizo namba mbili, 400 na 125, kisa chote kimekaa katikati yao.

Sasa upande wa posta. Hapa kuna historia ndefu kidogo, vumilia.

Kabla ya 1913, posta ya Marekani ilikuwa haibebi mzigo wa ndani ya nchi unaozidi ratili 4 (ratili moja ni karibu nusu kilo). Mzito zaidi ya hapo unaenda kwa kampuni binafsi za kusafirisha vifurushi, na hizo zilikuwa chache, zenye nguvu, na haziendi kila kijiji, zinaenda kwenye hela. Ila cha kuchekesha ni kwamba posta hiyohiyo ilikuwa na mikataba na nchi za nje, kwa hiyo Mmarekani aliweza kutuma kifurushi cha ratili 11 nje ya nchi kwa senti 12 kwa ratili, wakati kumtumia ndugu yake jimbo la jirani ni senti 16 kwa ratili na mwisho ratili 4. Ndio hivyo, kutuma mbali rahisi, kutuma karibu ghali. Wakulima walilalamika miaka nenda rudi.

Wanaopinga posta kubeba vifurushi walikuwa makundi mawili. Kundi la kwanza ni hizo kampuni binafsi, hao sababu yao inajulikana haina haja ya maelezo. Kundi la pili ndio linanigusa zaidi, wenye maduka ya miji midogo. Na hawa hawakuwa wabaya, walikuwa wanaogopa kitu cha kweli kabisa. Duka la mji mdogo la enzi zile halikuwa duka tu. Ndani ya chumba kimoja kuna kitambaa, dawa, sukari, viatu, mafuta ya taa, hatamu za farasi, na mara nyingi kwenye kona kuna kidirisha cha posta maana mwenye duka ndiye huyohuyo posta masta. Mtu anakuja kuchukua barua anaondoka na kibiriti. Mkulima analeta mayai na siagi anapewa vitu, hela haijaonekana. Na zaidi ya yote kuna daftari: mkulima anakopa kuanzia wakati wa kupanda, analipa akishavuna. Mvua ikigoma daftari linabaki na madeni na mwenye duka naye anadaiwa na mwenye ghala mjini. Huo wasiwasi wote umo ndani ya bei ya yadi moja ya kitambaa, ndio maana kitambaa chake kilikuwa ghali, sio roho mbaya peke yake.

Basi hapo anakuja mtu wa katalogi, yaani anayeuza kwa kitabu cha bidhaa na bei, unaagiza anakutumia. Montgomery Ward alianza 1872 na karatasi ya bei tu. Halafu Richard Sears, huyu alikuwa mkuu wa kituo cha treni North Redwood, Minnesota, na mwaka 1886 sonara wa mjini akakataa shehena ya saa iliyokuwa imeletwa, Sears akazichukua yeye akawauzia wakuu wa vituo wenzake kwenye njia ya reli. Ikaanzia hapo, ikawa kampuni kubwa kabisa. Wenye katalogi hawana daftari, unatuma hela kwanza, kwa hiyo hawana wasiwasi wa mvua, kwa hiyo bei yao iko chini. Mwenye duka akaonekana mnyonyaji mbele ya wateja wake mwenyewe, wakati huohuo wale wateja majina yao yamo kwenye daftari lake. Kuna miji wenye maduka walikusanya zile katalogi wakazichoma moto hadharani. Naelewa kabisa uchungu wao, ila kuchoma kitabu cha bei hakujawahi kushusha bei ya mtu.

Na posta yenyewe ilikuwa inabadilika. Mwaka 1896 walianza majaribio ya kupeleka barua mpaka mlangoni kwa wakulima, wakaanzia West Virginia, na 1902 ikawa huduma ya kudumu. Hiyo nayo iliwaumiza wenye maduka maana vile vidirisha vya posta vikaanza kufungwa, na mteja aliyekuwa anakuja kila wiki kuchukua barua hana tena sababu ya kuja. Mwaka 1901 Marekani ilikuwa na ofisi za posta karibu 77,000, haijawahi kuwa nazo nyingi hivyo tena.

Sheria ya vifurushi ikapita Agosti 1912, huduma ikaanza tarehe 1 Januari 1913. Mwanzo mwisho ulikuwa ratili 11, Agosti mwaka huohuo ikapanda mpaka ratili 20 kwa zoni mbili za karibu (zoni ni maeneo yaliyopangwa kwa umbali), na kuanzia Januari 1914 kwa zoni hizohizo ikawa ratili 50. Watu wakapagawa. Miezi sita ya kwanza vilipita vifurushi kama milioni 300. Watu walituma mayai, walituma siagi, na kuna familia ya Idaho Februari 1914 ilimtuma mtoto wao wa kike kwa bibi yake, stempu za senti 53 zimebandikwa kwenye koti lake, akasindikizwa na ndugu aliyekuwa mfanyakazi wa posta kwenye treni. Sio utani. Namtaja huyo mtoto kwa sababu ile senti 53 ni ushahidi mzuri wa bei ya wakati ule, utaona sasa hivi.

Bei ilipangwaje? Hapa ndio roho ya kisa. Walichukua ramani ya nchi nzima wakaigawa vipande vya mraba kwa mistari ya latitudo na longitudo, kila kipande nusu digrii kwa nusu digrii. Ikiwa posta yako iko kwenye kipande fulani, unapima kutoka katikati ya kipande chako: vipande vilivyo ndani ya maili 50 ni zoni ya kwanza, ndani ya 150 ni zoni ya pili, inaendelea hivyo mpaka zoni ya nane. Umbali ni wa rula, mstari ulionyooka, kama anavyoruka kunguru. Mlima haumo. Mto haumo. Reli imepita wapi, haimo. Na kwa zoni mbili za kwanza bei ilikuwa senti 5 kwa ratili ya kwanza na senti 1 kwa kila ratili inayoongezeka. Yule mtoto alikuwa na ratili 48 na nusu, posta inahesabu 49, kwa hiyo 5 jumlisha 48 ni 53. Inakubali.

Sasa Vernal na Salt Lake City. Maili 125 za rula. Zoni ya pili. Kifurushi cha ratili 50 ni senti 54.

Hebu kaa na hiyo senti 54 kidogo. Kwa hizo senti 54 posta inachukua ratili 50 za tofali, inazipakia treni, inavuka nazo jimbo, inaingia Colorado, inashusha, inapakia treni nyingine nyembamba, inapanda nayo futi 8,400, inashuka, inapakia gari la farasi, inavuka mito miwili, inakuletea mjini. Ukiwa na akili timamu na unajenga benki Vernal, unafanya nini? Unafanya alichofanya Coltharp. Mimi ningeshangaa zaidi kama asingefanya.

Tena hakuwa wa kwanza kuligundua hili kwenye bonde lile. Vitu vya dukani vilishaanza kuja kwa vifurushi kabla yake, wafanyabiashara walishaona kwamba gunia la kitu fulani ukilipunguza likawa la ratili 50 linakuja kwa posta kwa bei ambayo mwenye gari la farasi hawezi hata kuikaribia. Angalia hapo mambo yalivyogeuka. Wale wenye maduka ya miji midogo waliokuwa wanapigana vifurushi visiwepo kwa sababu vitawaletea washindani, wenzao wa mji usio na reli wamevigeuza kuwa reli yao. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema huduma ya vifurushi iliua maduka ya vijijini, muulize maduka ya wapi. Penye reli mlangoni, duka lilikuwa na faida ya kuwa karibu na bidhaa, posta ikaja kuiondoa. Pasipo na reli, duka lilikuwa halina hiyo faida tangu mwanzo, posta ikaja kulipatia.

Tofauti ya sukari na tofali ni kelele tu. Sukari inapita kimyakimya, leo mifuko mitano kesho mitatu, posta wanaona kazi imeongezeka basi. Tofali haziwezi kupita kimya. Zilifungwa vifurushi visivyozidi ratili 50, tofali kama kumi kwa kifurushi ukichukulia tofali moja ratili 5, halafu vinatumwa vifurushi 40 kwa mkupuo, ambayo ni ratili 2,000, tani moja kamili ya Kimarekani. Tani moja kwenye kaunta ya posta. Karani aliyezoea barua na sanduku la kofia anaangalia vifurushi 40 ambavyo kila kimoja kinamvunja mgongo, na kila kimoja ni halali, kina stempu zake, kina anwani yake, hakizidi uzito. Huna kifungu cha kukikataa. Kesho wanaleta tena. Vikarundikana Salt Lake City, vikarundikana njiani, reli ikalalamika, wakuu wa posta wa pande zote mbili wakaanza kupeleka habari Washington.

Hesabu yangu ni hii. Vifurushi 40 mara senti 54 ni dola 21 na senti 60 kwa tani. Tani 40 ni vifurushi 1,600, ni dola 864 za stempu. Hapo nitoe dukuduku langu moja: utakuta watu mtandaoni wanaandika tofali 80,000. Haiwezekani, yaani haiwezekani pamoja na hizo tani 40. Tofali 80,000 za ratili 5 ni ratili 400,000, ni tani 200. Tani 40 ndio ratili 80,000. Nadhani mahali fulani mtu alichanganya ratili na tofali na wengine wote wakanakili, ndio kawaida yetu. Kama ni tani 40, tofali ni kwenye elfu 16 hivi.

Sasa lawama iende kwa nani?

Watu wengi haraka wanasema mpangaji wa bei alikuwa mjinga, atapimaje kwa rula kwenye nchi ya milima. Na mimi nilianza hivyohivyo, nikabadilisha mawazo. Jiweke pale kwenye kidirisha cha posta ya kijijini mwaka 1913. Wewe ndiye posta masta, ndiye muuza sukari, mteja amesimama na kifurushi anataka kwenda popote kwenye nchi nzima, na wewe unatakiwa utaje bei sasa hivi. Ofisi zilikuwa zaidi ya 50,000. Ukisema bei ifuate njia halisi ya kila ofisi kwenda kila ofisi, hizo ni jozi zaidi ya bilioni moja na robo. Nani aziandike, na reli ikibadilisha ratiba nani azifute? Kwa vipande vya mraba, posta masta anatafuta ofisi kwenye kitabu, anaona namba ya kipande, anaangalia ramani yake, anasema senti kadhaa. Dakika moja. Kwa hiyo rula haikuwa ujinga. Na kuna jambo jingine, bei ya rula ndio iliyofanya mtu wa nyuma ya mlima alipe sawa na mtu wa tambarare. Ukitoza kwa njia halisi, Vernal ingekuwa zoni ya mbali zaidi na watu wake wangelipa kwa kosa la kuzaliwa nyuma ya mlima, ambalo ndilo walikuwa wanalipa siku zote kwa mwenye gari la farasi.

Kwa hiyo mimi sioni kosa kwenye rula. Kosa naliona kwingine, na ni dogo mpaka linauma. Waliweka kikomo kwa kifurushi, hawakuweka kikomo kwa mtu. Waliowaza ratili 50 walikuwa wanawaza kwamba hicho ndicho kitu kikubwa ambacho mtu atataka kutuma, wakaona ratili 50 basi inatosha, mtu hatatuma zaidi. Lakini mwenye mzigo mkubwa haachi kutuma, anaukata. Anaukata vipande sawa na kikomo chako, anavileta vyote. Kitu chochote kinachogawanyika bila kuharibika, nafaka, sukari, saruji, tofali, hakina ukubwa mbele ya sheria ya namna hiyo. Ni mpaka kitu kisichogawanyika ndio kikomo kinafanya kazi, na wafanyabiashara wa mji mdogo hawaagizi piano kila wiki.

Kosa la pili ni la uhasibu, na hili wasimuliaji wanaliruka. Nani alikuwa analipa tofauti? Kutoka Watson mpaka Vernal farasi hawajui kama zile ni barua au ni tofali, wanakula nyasi zilezile. Coltharp kalipa senti 54, gharama haikupungua, imehamia tu kwa posta, na posta ni ya kila Mmarekani. Mimi hilo binafsi halinisumbui sana, huduma ya umma ndio kazi yake, wa karibu anambeba wa mbali kidogo, barua zenyewe zilikuwa hivyo tangu zamani. Kinachonisumbua ni kwamba hakuna aliyekaa akaamua kwamba taifa liwajengee watu wa Vernal benki. Ilitokea tu. Kama wangekuwa wameamua mapema kwamba bonde lile lisilo na reli lipewe unafuu wa mizigo, wangeamua pia wa kiasi gani na kwa vitu gani, na yule mwenye gari la farasi aliyepoteza kazi angejua anapoteza kwa sababu gani. Badala yake unafuu ulipatikana kwa aliyekuwa na muda na hela ya kufungisha vifurushi 1,600 na kuvinunulia stempu. Bibi mwenye kuku wanne hawezi kucheza mchezo huo.

Halafu kuna Albert Burleson, mkuu wa posta ya nchi kipindi hicho. Jibu la ofisi yake ndio sehemu inayonukuliwa sana, kwamba posta haikukusudia majengo yatumwe kwa njia ya barua. Sawa, hawakukusudia. Ila bei haisomi makusudi ya mtu, bei ni namba ukutani, na mtu akija na hela sawa na hiyo namba unampa huduma. Mwenye duka yeyote wa mji mdogo analijua hilo, ukiandika bei vibaya kwenye kibao ukutani mteja wa kwanza atakayeona atanunua vyote, na utakuwa umemuuzia wewe.

Walichofanya ni kuweka kikomo kipya: mtumaji mmoja kwenda kwa mpokeaji mmoja, mwisho ratili 200 kwa siku. Na kwa kweli hapo waligusa penyewe, maana hiki ni kikomo cha mtu, kile cha kwanza kilikuwa cha furushi. Zoni hawakuzigusa, rula haikuguswa, senti 54 ikabaki senti 54. Watu wa bondeni wakaendelea kupata vitu vyao kwa posta, ila kwa kiasi cha watu, sio kwa kiasi cha mjenzi. Nadhani ni marekebisho mazuri kuliko wanavyosifiwa, wangeweza kwa hasira kupandisha bei ya zoni nzima na kumuumiza kila mkulima wa milimani kwa ajili ya benki moja.

Kwa Coltharp ilikuwa imeshachelewa, tofali zilishafika. Nimejaribu tu kupiga hesabu ya ingekuwaje kama sheria ya ratili 200 ingekuwepo tangu mwanzo. Ratili 200 ni vifurushi vinne kwa siku, tofali kama 40. Vifurushi 1,600 ungehitaji siku 400 za kutuma bila kupumzika hata Jumapili, yaani mwaka mzima na zaidi ya mwezi mmoja juu yake, na fundi amekaa Vernal na mwiko wake anasubiri barua.